Salamu ya Mtungi wa Njiku

Majivu ya ubani yalikuwa yanaruka.

Si kupeperushwa. Madirisha yalifungwa, na upepo wa Singida, ambao kwa kawaida huingia bila hodi, ulikuwa umeachwa nje ukilalamika. Majivu yaliruka yenyewe kutoka kwenye chetezo, chembe moja baada ya nyingine, kama viroboto, yakaenda kunasa kwenye kitambaa cheupe kilichoufunika mtungi wa marehemu. Na kitambaa chenyewe kilikuwa kimeubana mtungi kiunoni kama gauni la bibi harusi aliyenenepa baada ya kupimwa.

Nilirudi hatua moja nyuma. Vinyweleo vya mikono vilinisimama, na safari hii haikuwa kwa ajili ya majonzi.

"Fundi Feli, mbona umesimama mlangoni kama umeitwa na mkwe?" aliuliza mzee Mughwai, baba mdogo wa marehemu, ndiye msimamizi wa shughuli. "Ingia utoe heshima."

"Heshima naitoa hukuhuku, mzee. Shughuli ni saa ngapi?"

"Saa tisa kamili. Ndugu wote wameshafika. Wanakula, halafu wavue viatu."

Saa yangu ilisema saa saba na nusu.

Kwa mtu mwingine yeyote ule ulikuwa mtungi wa kawaida. Kila nyumba mtaani kwetu ina wake. Tangu bwawa libaki tope na nyaya za mkoa ziwe kamba za kuanikia nguo, tunaishi kwa mapazia: mashuka marefu ya nailoni juu ya paa, upepo unayasugua kwa vumbi kutwa nzima, vumbi linaacha chaji, chaji inashuka kwa waya mpaka mtungini. Ni umeme uleule unaokuuma ukivua sweta asubuhi ya kipupwe, ila huu ni wa nyumba nzima. Ndani ya mtungi kuna mabati mawili na ngozi nyembamba katikati; kila bati hutokeza nje ncha ya shaba tunayoiita pembe. Bati moja lina chaji ya kuzidi, jingine lina upungufu, yanatamaniana mno, na ngozi inayazuia. Ukiyakutanisha polepole kupitia taa, unapata mwanga wa kusomea. Yakikutana ghafla kupitia mtu, unapata msiba.

Na mwenye nyumba akifa, waya wa pazia hukatwa siku hiyohiyo. Mtungi hufunikwa, hauguswi siku arobaini. Ya arobaini, ndugu huvua viatu na kushikana mikono. Wa kwanza, mama kama yupo hai, hugusa pembe ya kushoto ya mtungi. Wa mwisho, kitinda mimba, hugusa ya kulia. Chaji ya mwisho aliyoivuna marehemu kwa mikono yake inapita kwa wote kwa mpigo mmoja. Tunaiita salamu. Mitungi yetu ni midogo, ya kioo, na kioo huvuja. Ikifika arobaini imebaki chaji ya kukufanya useme "aah!" na kucheka huku machozi yanatiririka. Nimeshuhudia salamu nyingi. Mtu asiniambie ni ushamba. Nimeona wazee wenye roho ngumu kama kokoto wakilainika pale.

Lakini mtungi wa Njiku haukuwa mdogo, haukuwa wa kioo, na haukuwa umevuja hata tone. Nilijua hivyo kwa sababu niliufunga mimi.

*

Njiku Hango alikuwa mchomeleaji, na mchomeleaji hunywa umeme kama ngamia aliyefika kisimani. Miezi minne nyuma aliniita kando. "Feli, niwekee ile mitungi mipya, ya ngozi ya plastiki. Ila univishie gamba la mtungi wa zamani. Majirani wakijua nina umeme wa wiki mbili, sitapumzika kwa hodi." Nilicheka. Nikaunganisha minne kwa pamoja, nikaivisha gamba la udongo, tukagongeana mikono. Sikuandika kitu juu yake. Hata alama ya hatari sikuiweka, maana alama ingetoa siri.

Kisha akaanguka kutoka kwenye paa akifunga pazia. Mimi nilikuwa Manyoni, nafunga mapazia ya shule. Waya wa pazia ulikatwa na jirani, akaufunika mtungi, akaenda zake. Nilirudi jana jioni.

Kwa hiyo pale chini ya kitambaa palikuwa na chaji ya kuchomelea mageti mawili, na ndugu kumi na mmoja walikuwa wanamalizia pilau ili waje waiguse.

Utaniambia, fundi, kazi iko wapi? Subiri watu wote wawe kwenye pilau, uingie, uumwage, utoke ukijifuta mikono. Dakika kumi. Najua. Nimeshawahi kufanya.

Miaka sita iliyopita, nyumbani kwa marehemu Kijanga, niliukuta mtungi una hitilafu nikaumwaga kimya kimya, nikajiona mjanja. Mjane wake, Leokadia, alishika pembe mbele ya ukoo mzima. Akangoja. Hakuna. Akashika tena. Hakuna. Mtungi usiposema, watu wetu wanaelewa jambo moja tu: marehemu amekataa kumuaga. Hakuna aliyemtukana. Walianza tu kumpisha njia. Baada ya mwaka akahamia Itigi na mabegi mawili. Nami nilikuwepo siku anaondoka, nikamsaidia kupakia. Sikusema neno.

Sasa sikiliza ubaya wa siku hii. Nje, kwenye sanduku la pikipiki yangu, nilikuwa na mtungi mdogo wa kioo, wa majaribio, wenye chaji ya kutosha kumuuma mtu na kumwacha akicheka. Ungeenea kabisa chini ya kile kitambaa. Naondoa waya wa ule mkubwa, naficha huu nyuma yake, naunganisha pembe. Saa tisa wanashikana mikono, wote wanaruka, wote wanalia, Njiku amewaaga. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyekataliwa, na hakuna wa kuniuliza nani alivisha mtungi wa hatari gamba la uongo.

Nilikwenda mpaka kwenye pikipiki. Nikafungua sanduku. Nikaushika ule mtungi, ulikuwa wa baridi na mwepesi.

Nikaurudisha, nikalifunga sanduku. Sijui kwa nini, labda kwa sababu ya yale mabegi mawili. Nikaenda kumtafuta mama yake.

*

Mama Njiku alikuwa uani, amekaa juu ya kigoda, anajipaka mafuta miguuni. Alijua kwamba atavua viatu mbele za watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda, Felista. Manyoni hawapiki?"

"Wanapika sana, ila wanakula wenyewe."

Alicheka kidogo, kisha uso ukarudi ulikokuwa. Tangu mazishi ya mumewe, miaka miwili sasa, yeye na Njiku hawakuwa wakisemeshana. Waligombania mahali pa kumzika mzee: kijana alitaka shambani, mama akataka makaburi ya kanisa. Mama akashinda. Tangu hapo wakaishi hatua arobaini kutoka mlango hadi mlango. Kijana akipita anatazama ukuta. Mama naye hawezi kuanza. Tangu lini mzazi akamwamkia mtoto? Akangoja shikamoo yake. Akaingoja siku mia saba na kitu.

"Leo nitaisikia," alisema, kana kwamba amenisikia nikiwaza. "Hata kama ni kwa njia ya mtungi."

Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia yote. Mtungi mpya, gamba la zamani, mkono wangu mimi. Sikupunguza kitu. Alinisikiliza akiwa ameshikilia kikopo cha mafuta.

"Umejaa kiasi gani?"

"Umejaa kabisa, mama."

"Basi mwanangu ana la kusema."

"Hilo si la kusema. Ni la kuua."

"Mimi nina miaka sabini na moja. Kama ameamua kunipiga, acha anipige. Nitajua amenikumbuka."

"Mama, mtashikana mikono kumi na mmoja. Umeme haumlambi mmoja ukamruka mwingine. Unaoingia kwako ndio utakaopita kwa wote mpaka utokee kwa Hilda, kitinda mimba wako. Yunisi atakuwa katikati, na ana mimba ya miezi sita ya mwanao."

Kikopo kilitua chini.

"Si umwage kiasi, ubakize kidogo cha salamu?"

Hapo ndipo ufundi unapokuwa mkatili. Nikachukua kijiti nikachora mchangani. "Angalia. Mtungi wa kioo ni kama kikombe kilichowekwa juu ya paa. Maji yake yanaanguka kutoka juu, yanakupiga, unashtuka, lakini ni kikombe tu. Kule juu ndiyo volti. Huu wa Njiku ni pipa. Nikilishusha pipa mpaka lisimdhuru mtu, litakuwa chini kiasi kwamba watu kumi na mmoja hawatasikia hata unyevu. Nikiliacha juu kiasi cha kusikika, lina maji ya kuwazamisha. Hakuna katikati."

Aliufuta mchoro wangu kwa unyayo.

"Kwa hiyo ni kuumwaga wote. Na mimi nitashika pembe, nisisikie kitu, na watu wananitazama."

"Kuna njia nyingine," nilisema. Nikamwambia habari ya mtungi ulio kwenye sanduku la pikipiki. Nikamwambia na ya Leokadia.

"Ungeuweka bila kuniambia, nisingejua?"

"Usingejua."

"Wangejua wao?"

"Hakuna hata mmoja."

"Kwa nini umeniambia, basi? Umenichafulia."

"Tayari nina siri moja niliyoibeba peke yangu, mama. Nzito. Ya pili ingenivunja mgongo."

Aliinuka taratibu, akaegemea bega langu. Mkono wake ulinuka mafuta ya alizeti.

"Ungeniwekea mtungi wako, ungekuwa umeniletea mtoto wa mtu mwingine ninyonyeshe," alisema. "Twende. Ukaumwage, na wote waone."

*

Tulipofika sebuleni ilikuwa saa nane na robo, na watu wameanza kuingia. Hilda, kitinda mimba, msichana anayependa kila kitu kinyooke, alikuwa ameinama mbele ya mtungi. Aliona kitambaa kimekunjamana. Alikuwa ananyoosha mkono akirekebishe.

"Usiguse!"

Sijawahi kupiga kelele msibani. Hilda aliganda. Kati ya kidole chake na kitambaa palikuwa na nafasi ya upana wa kiganja, na nyuzi za kitambaa zilikuwa zimeinuka zote kumwelekea, kama nyasi zinazovutwa.

"Rudisha mkono. Polepole. Usiguse ukuta, usiguse mtu."

Akarudisha. Nyuzi zikalala moja moja.

"Fundi!" Mzee Mughwai alikuwa amevimba. "Desturi unaijua. Mtungi hauguswi wala haupigiwi kelele kabla ya salamu. Umekunywa nini huko Manyoni?"

"Vumbi tu, mzee. Mnipe dakika mbili, mkimaliza kunisikia mnifukuze."

Nilisema kwa sauti, mbele ya pilau, ubani na wakwe. Nilisema nani aliomba, nani alifunga, nani aliacha kuweka alama. Mtu mmoja nyuma akasema, "Muongo, anataka kuficha kitu." Nikachana kipande cha karatasi cha upana wa ukucha, nikakiachia hewani karibu na mtungi. Kilitakiwa kianguke. Kikaruka pembeni, kikanasa kwenye kitambaa, pa! Hakuna aliyesema muongo tena. Watu walirudi nyuma mpaka migongo ikagonga kuta, na Yunisi akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Ukiumwaga, umeiba salamu," alisema mzee Mughwai, sasa kwa sauti ya chini.

"Nimeshawahi kuiba moja, mzee. Ya Leokadia wa Kijanga. Mumewe hakumkataa. Ni mimi niliyeumwaga mtungi, nikanyamaza."

Kisha mwanamke mmoja, sikutazama ni nani, akasema taratibu, "Tulimpisha njia miezi kumi na miwili."

"Ndiyo. Na mimi nilimpakilia mabegi."

Mzee Mughwai alinitazama kana kwamba ananiona kwa mara ya kwanza na hajapenda anachokiona. Nilistahili. Lakini Mama Njiku alisema, "Mughwai, ni mwanangu na ni mtungi wake. Mpishe afanye kazi," na hilo likaisha.

Niliomba ndoo ya maji, kilo ya chumvi na kamba ya katani. Watu wote nje, wasimame mbali na ukuta, watazame kupitia mlangoni. Kamba niliilowesha mpaka ikawa nzito. Waya mtupu ungeimwaga chaji yote kwa kufumba na kufumbua na kuupasua mtungi vipande; kamba ya maji ya chumvi inapitisha kwa ubahili, ndicho nilichokitaka. Nilivaa glovu za mpira, nikafunga ncha moja ya kamba kwenye pembe ya kushoto nikitumia fimbo ya plastiki. Ncha ya pili nikaisogeza kuelekea pembe ya kulia.

Haikungoja ifike. Umeme uliruka wenyewe, mstari wa buluu wenye sauti kama ubao unaopasuka, na nje watu wote wakapiga yowe moja. Kamba ikaanza kutoa mvuke. Ilinguruma. Harufu kama ya baada ya radi ikajaa chumba. Nilichoweza kufikiria ni kwamba kama saa yangu ingekuwa nyuma kwa nusu saa, ile sauti ya ubao ingepita kifuani kwa Yunisi.

Robo saa nzima iliendelea kutoa mvuke. Ilipokauka, nikaongeza maji. Ilipotulia, nikazigonganisha pembe kwa fimbo ya shaba: cheche ndogo, nyingine ndogo zaidi, kisha kimya. Kitambaa kikaachia kiuno cha mtungi, kikaning'inia kama kitambaa. Nikavua glovu nikazishika pembe zote mbili kwa mikono mitupu, watu wanione. Fundi asiyethubutu kuushika mtungi alioumwaga, hajaumwaga.

"Tayari," nilisema. "Hauna kitu."

*

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika chache. Ndugu waliingia, wakasimama bila kujua mikono yao waipeleke wapi. Walivua viatu kwa mazoea tu.

"Basi," alisema mzee Mughwai, akikohoa. "Salamu haipo. Si kosa la mtu... au ni kosa la mtu, tutalizungumza. Tufanye sala, tufunge."

Hakumtazama shemeji yake. Hakuna aliyemtazama. Nikaona jinsi watu wanavyoanza kumpisha mtu njia: hawasogezi miguu, wanasogeza macho.

"Hilda," Mama Njiku alisema, "nipe kiti cha plastiki, kile cha nje. Na kandambili zako."

"Mama, tunatakiwa miguu mitupu."

"Nimeomba kandambili."

Akavaa. Akaketi kwenye kiti katikati ya sebule, akainua miguu juu ya sakafu, na mwanamke yule wa miaka sabini na moja, na gauni lake la nailoni la msibani, akaanza kujisugua kitini. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Ni mchezo wa watoto wa shule, wanajijaza chaji ili wakamuume mwenzao sikioni. Kila mtu pale alishawahi kuucheza, na kila mtu pale alishawahi kuchapwa kwa ajili yake. Hilda aliziba mdomo. Nilidhani analia. Alikuwa anajizuia kucheka, halafu akawa anafanya yote mawili.

Nywele za mvi zilizochomoza kwenye kilemba zilianza kusimama.

Mama Njiku aliinuka kwa uangalifu, asimguse mtu, mpira wa kandambili ukimtenga na sakafu. Alitembea hatua tatu mpaka kwenye mtungi. Alinyoosha kidole kimoja kwenye pembe ya kushoto.

Cheche iliruka. Ndogo, nyeupe, na sauti yake ikasikika chumba kizima: ta! Mama alishtuka mpaka bega likapanda.

"Imesema!" Yunisi aliita. "Imemjibu!"

"Imesema," wengine wakadaka, na mzee Mughwai akashika kichwa. Kisha akanigeukia. Wote wakanigeukia. Cheche haina uso wala mgongo. Jicho haliwezi kujua imetoka upande gani. Fundi anajua.

"Fundi," aliuliza mzee Mughwai, na sauti yake ilikuwa inaniomba. "Imetoka wapi?"

Neno moja tu lilitakiwa. Nililiona limekaa mdomoni, tamu, limeshaiva. Nilimtazama Mama Njiku. Hakunisaidia. Alikuwa bado amegusa pembe, amenipa mgongo.

"Mtungi ulikuwa mtupu, mzee," nilisema. "Imetoka kwa mama."

Chumba kilishusha pumzi. Yunisi alikaa chini.

"Fundi amesema kweli," alisema Mama Njiku bila kugeuka. "Imetoka kwangu. Nilikuwa nangoja aanze yeye."

Aliufungua mkono wote, akauweka juu ya mtungi mtupu kama mtu anayempapasa mtoto kichwani.

"Marahaba, Njiku," alisema. "Marahaba, mwanangu."